Anayelinda bahari ya Pemba asiachiwe gharama peke yake

Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo watu wa pwani tunalizungumza kila siku madikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapotua, lakini ambalo mara chache hufika kwenye meza za wanaopanga matumizi ya fedha zitokanazo na bahari. Jambo lenyewe ni hali ya wananchi wanaojitolea kulinda miamba, mikoko na kasa katika shehia zetu. Nimekuwa katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia moja ya Wilaya ya Mkoani kwa miaka sita, kazi niliyoikabidhi kwa kijana mwengine mwaka jana, na mengi ya ninayoyasimulia juu ya kamati yetu niliyaona kwa macho yangu au niliyaandika kwa mkono wangu katika daftari la kamati.

Bahari ya Pemba haikuanza kulindwa na ofisi. Miaka ya 1990, ulipokuwapo mpango wa kukitoa kisiwa cha Misali kwa ajili ya hoteli, waliosimama kuupinga ni wavuvi wenyewe, watu wanaokwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, pale na kuitegemea miamba yake, na mpango ule ukaachwa. Mwaka 1998 Misali ikawa eneo la hifadhi, na mwaka 2005 ikaingizwa katika eneo kubwa zaidi, Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, tunayoijua sote kwa jina la PECCA, inayoifuata pwani ya magharibi ya kisiwa chetu. Wazee wetu walikuwa na sababu ya kukiheshimu kisiwa kile hata kabla ya sheria. Husimuliwa kuwa Nabii Khidhr alipofika hapo aliomba mswala, na alipoambiwa kuwa haupo, akasema kisiwa chenyewe kimeelekea Kibla na kitatosha kuwa mswala wake. Ndiyo maana mwaka 1999, maimamu na walimu wa madrasa walipokutanishwa kuzungumzia uhifadhi kwa mafundisho ya Qur'ani, watu hawakuona kuwa wanaletewa jambo geni. Kuwa mwanadamu ni khalifa katika ardhi, kuwa bahari ni amana na kuwa israfu ni haramu, hayo walikwisha kuyasoma chuoni wakiwa watoto. Nayataja haya kwa sababu bado wapo wanaozungumza juu ya uhifadhi kana kwamba mwananchi wa pwani ni mtu wa kuelimishwa tu, na wanasahau kuwa ni yeye aliyekuwa mlinzi wa kwanza.

Nikisema kamati, nina maana ya watu wa kawaida kabisa: mvuvi wa madema, mchuuzi wa dagaa, mwalimu wa skuli, mama anayelima mwani, waliochaguliwa na wenzao katika mkutano wa shehia, wanaofanya kazi bila ya mshahara. Kazi yao iliyo kubwa zaidi siku hizi ni kufunga mwamba kwa ajili ya pweza, yaani kuuacha bila ya kuvuliwa kwa miezi michache. Pweza wa miamba yetu huishi muda mfupi, mwaka mmoja au zaidi kidogo, lakini hukua kwa kasi ya ajabu. Yule aliyeachwa leo akiwa hajafika nusu kilo, akipumzishwa miezi mitatu, huwa mnyama mwengine kabisa. Jike hutaga mara moja tu maishani mwake, akajifungia pangoni kuyalinda mayai bila ya kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Kwa hivyo anayemchokoa jike kabla ya wakati wake hupata kitoweo cha siku moja na kupoteza maelfu ya wale ambao wangezaliwa. Utaratibu huu wa kufunga kwa miezi michache ulipata sifa katika ukanda wetu kutoka kusini magharibi mwa Madagaska, ambako wanavijiji wa Andavadoaka walifunga mwamba wao kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Kwetu Pemba, Kisiwa Panza na Fundo ni miongoni mwa waliotangulia, wakisaidiwa na jumuiya ya Mwambao iliyo hapa hapa Zanzibar, na shehia nyengine, yetu ikiwemo, zikaja kujifunza kwao.

Kufunga kwenyewe hakuna ugumu. Mkutano hukaa, mpaka ukakubaliwa, maboya yakatiwa, sheha akatangaza, na msikitini likatajwa baada ya sala ya Ijumaa. Ugumu huanza siku ya pili yake, pale mwamba unapoonekana mkavu siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, pweza wamo, na mtu ana njaa nyumbani.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu ndipo penye jambo ambalo nililielewa nimechelewa. Mwanamume mwenye ngalawa, au kijana mwenye miwani ya kuzamia, mwamba mmoja ukifungwa hwenda mwengine. Mwanamke anayevua kwa miguu hana mwamba mwengine. Yeye hufuata maji yanapokupwa, akiwa na mti wake wa kuchokolea na pakacha lake, na hufika pale tu miguu yake inapomfikisha kabla maji hayajarudi. Tunapofunga mwamba ulio karibu na mji, ambao ndio rahisi kuulinda, tunaufunga mwamba wa wanawake. Miezi mitatu ile yeye hutafuta chaza na kombe mahali palipokwisha kutafutwa na wenzake, au hutegemea mwani, na mwani nao hauna uhakika uliokuwa nao zamani. Tangu kilimo hicho kianze Zanzibar mwaka 1989, wengi wa wakulima wake wamekuwa wanawake, na ile aina yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyozidi joto. Katika mkutano wetu mmoja wa kutathmini, nilipokuwa nikisoma orodha ya wanaojitolea kwenye doria ili wapongezwe, mama mmoja wa makamo alinyanyuka akasema, "Mwanangu katibu, nyinyi mnajitolea usiku mmoja mmoja; sisi tunajitolea miezi mitatu mizima, na majina yetu hayamo humo daftarini." Nililifunga daftari. Alikuwa amesema kweli, na tangu siku ile siwezi kusikia neno kujitolea likitumiwa kwa ajili ya watu wa doria peke yao.

Doria nayo nisiidharau, maana nimeiona hatari yake. Wanaovunja mwamba huja usiku, maji yanapokupwa, kwa karabai au kwa taa za kichwani, na wengine huja kwa boti wakiwa na nyavu za macho madogo, wakauzungusha mwamba na kuyapiga matumbawe ili samaki watoke. Mwamba uliopigwa hivyo, tunavyoita kigumi, usiku mmoja huchukua miaka mingi kujirudi, na miamba yetu imeshachoka kwa sababu nyengine: joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Misali na ya sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, na miaka ya joto imerudi tena baada ya hapo. Kamati ya shehia haina uwezo juu ya joto la bahari. Inachokiweza ni kuzuia nyavu, na ndiyo maana haifai kuchelewa hata usiku mmoja.

Usiku mmoja wa msimu wa kusi, vijana wetu wanne walikwenda doria kwa boti ndogo ya faiba, wakiwa na mafuta ya kwenda na kurudi tu, kwa sababu ndiyo yaliyopatikana kwa mchango wa siku ile. Waliona taa upande wa nje wa mwamba uliofungwa, wakazifuata, na chombo kile, chenye mashine kubwa kuliko yao, kikazima taa na kukimbilia mkondoni. Waliendelea kukifukuza mpaka mafuta yakawaishia. Walichukuliwa na maji hadi alfajiri, walipookotwa na mashua iliyokuwa ikirudi kuvua jodari. Mimi nilikuwa dikoni pamoja na mama zao tangu saa nane za usiku. Hakuna aliyepoteza maisha, alhamdulillahi, lakini mmoja kati ya vijana wale hakurudi tena kwenye doria, wala sikuwa na hoja ya kumrejeshea. Tulipopeleka taarifa katika ofisi inayohusika, tulipokewa kwa adabu, tukaulizwa namba ya usajili ya chombo, na tulipojibu kuwa hakuna anayeweza kusoma namba gizani, jambo lile likaishia pale. Vijana wale hawakuwa na kitambulisho, hawakuwa na redio, na lau mmoja wao angeumia, matibabu yake yangekuwa juu ya baba yake.

Naomba ieleweke kuwa siandiki haya kwa kuilaumu Serikali. Tangu ilipoundwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, bahari imepata nafasi katika mazungumzo ya nchi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na maofisa wa uvuvi wa wilaya, ambao nao ni wachache kwa pwani iliyojaa ghuba na visiwa kama ya Pemba, wengi wao ni watu wanaoijua kazi na kuipenda. Ninalolisema ni kuwa mfumo wote umewekwa juu ya mabega ya wanaojitolea, halafu gharama za kujitolea kwao zikasahauliwa.

Mradi ukija, huja na boti, fulana na semina. Miaka miwili au mitatu baadaye mradi humalizika, boti ikabaki, na siku mashine inapoharibika hakuna fungu la vipuri. Nimeiona boti nzuri ya doria ikigeuka mahali pa kuanikia dagaa. Sisemi kuwa waliotuletea walikosea nia. Walitupa walichokuwa nacho kwa muda waliokuwa nao. Lakini doria ni matumizi ya kila mwezi, na matumizi ya kila mwezi hayawezi kutegemea fadhila inayokuja na kuondoka. Mgeni anayeingia katika maeneo ya hifadhi kuzamia au kuangalia matumbawe hulipa ada. Matumbawe anayokuja kuyaona yamesalimika kwa sababu kuna mtu hakulala. Ni haki, basi, sehemu inayojulikana ya ada hiyo irudi kwa kamati za shehia zinazolinda eneo lenyewe, iwe kwa ajili ya mafuta na vipuri kwanza, na hesabu yake ibandikwe dikoni kila baada ya miezi mitatu, ambapo kila mtu atasoma kilichoingia na kilichotoka, pamoja na sisi wanakamati, maana wizi wa mafuta ya doria nao si jambo lisilowahi kutokea pwani.

Najua jibu ambalo hutolewa tunapolisema hili: kwamba ukianza kumlipa anayejitolea, moyo wa kujitolea hufa, na siku malipo yatakapokosekana hakuna atakayekwenda. Hoja hii ina uzito na siipuuzi. Lakini hatukuomba mshahara. Lita ishirini za mafuta si mshahara, koti la kuokolea si mshahara, na kutibiwa ukiumia katika kazi ya umma si mshahara. Kinachoua moyo wa kujitolea, kwa nilivyoona mimi, ni mtu kutoa usiku wake, kisha akatakiwa atoe na fedha za chakula cha watoto wake ili kununua mafuta.

Majirani zetu wametutangulia katika hili, na hawakututangulia kwa kuipenda bahari zaidi yetu. Nchini Kenya, wavuvi wa Kuruwitu katika Kaunti ya Kilifi walitenga eneo lao mwaka 2005, eneo dogo la kiasi cha hekta 30, wakaliita tengefu, na mwaka 2007 kanuni za nchi yao zikavipa vikundi vya usimamizi wa fukwe nafasi inayotambulika kisheria. Kusini zaidi, katika ghuba ya Gazi, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko, na tangu mwaka 2013 wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko ile, yaani hulipwa kwa kuiacha mikoko iizuie hewa hiyo isiende angani. Fedha zinapopatikana, wanakijiji wenyewe ndio huamua ziende kwenye maji ya bomba, skuli au mahitaji mengine. Sisi Pemba tuna mikoko, mikandaa na michu katika karibu kila ghuba, na wananchi wamekuwa wakipanda myengine kwa mikono yao kuzuia maji ya chumvi yasiingie mashambani. Hatukosi watu. Tunachokikosa ni njia inayoeleweka ya kumfikishia mlinzi sehemu ya kile anachokilinda.

Siku ya kufungua mwamba inahitaji maneno yake peke yake, kwa sababu hapo ndipo kazi ya miezi mitatu inapoweza kuharibika kwa saa tatu. Habari za kufunguliwa hufika mbali. Alfajiri ya siku hiyo huja vyombo kutoka shehia ambazo hazikushiriki kufunga, hazikuchangia lita moja ya mafuta, na wengine wamekwisha kushuka kwa miwani kwenye maji ya kina kabla wanawake hawajapata pa kukanyaga. Wanunuzi nao wanajua kuwa siku ile pweza ni wengi, kwa hivyo bei hushuka mchana ule ule, na aliyevumilia miezi mitatu anauza kwa bei ya chini kuliko ya siku za kawaida. Kamati yetu ilijaribu njia mbili zilizosaidia. Tulialika wanunuzi zaidi ya mmoja mapema na kuwataka wataje bei yao mbele ya mkutano kabla ya siku yenyewe, na tulikubaliana kuwa maji ya kwanza baada ya kufungua ni ya wanaovua kwa miguu peke yao, wazamiaji wasubiri maji ya siku ya pili. Mwaka ule niliona wanawake wakirudi na pweza waliowalemea mabegani, wakapimiwa kwenye mizani mbele ya bwana diko, kila mmoja akaandikwa jina lake na uzito wake. Mwaka uliofuata wageni walikataa utaratibu ule, wakasema bahari haina mwenyewe, na kamati haikuwa na karatasi yoyote ya kuwaonesha.

Karatasi hiyo ndiyo ninayoiomba. Mwanasheria atajua iitwe sheria ndogo, kanuni au makubaliano yaliyosajiliwa; mimi najua tu kuwa Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ya mwaka 2010 ipo, wataalamu wapo, na si jambo lililo juu ya uwezo wetu kuandika kuwa shehia iliyofunga mwamba ndiyo yenye haki ya kuufungua kwa utaratibu wake, kuwa chombo kutoka nje kije kwa kibali na kichangie doria, na kuwa wanaovua kwa miguu wana nafasi za uhakika ndani ya kamati zinazochagua mwamba gani ufungwe na kwa muda gani. Shehia jirani nazo zikae pamoja zipange miezi, ili miamba yote isifungwe wakati mmoja wala isifunguliwe kwa kufuatana kiasi cha kuwa kundi lile lile la vyombo linahama kutoka mwamba hadi mwamba likivuna wasichokilinda.

Kuna kazi nyengine ya kujitolea ambayo haina doria wala mizani, nayo ni ya kupita nyumba kwa nyumba. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi wakalazwa hospitali. Mwaka 2021 watu saba walikuwa wamekufa hapa hapa Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu awarehemu. Sumu ya kasa haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Ilani ya redioni ni jambo jema, lakini anayemshawishi mtu aache kitoweo alichokizoea tangu kwa babu yake ni jirani yake anayemjua, anayekaa naye barazani na kumweleza kwa subira. Jirani huyo hakuna anayemtambua popote. Vipeperushi anavinakilisha kwa fedha zake mwenyewe.

Niongeze na dogo. Madaftari yetu ya pweza, ya vyombo na ya viota vya kasa huchukuliwa na watafiti, na tunawapa kwa furaha, maana elimu ni ya wote. Tunaomba tu yarudi, pamoja na majibu kwa Kiswahili, hata yawe ukurasa mmoja. Mtu aliyesimama kwenye maji kupima pweza miaka sita ana haki ya kujua kipimo chake kilionesha nini.

Kamati ya shehia yetu imekubaliana kufunga mwamba tena baada ya bamvua ya mwezi ujao. Nimeulizia mafuta yaliyopo. Yanatosha doria mbili, na kufunga ni miezi mitatu. Nitashukuru iwapo wahusika wa Wizara na wa Wilaya watajibu barua hii kupitia gazeti hili kabla ya siku hiyo, ili katibu mpya awe na la kuwaeleza vijana na wanawake watakapokuja mkutanoni.

Wako mtiifu,
Katibu wa zamani wa kamati ya wavuvi ya shehia,
Wilaya ya Mkoani, Pemba